Mbweha na wanakondoo: kazi waachiwe watu wa bunduki au watu wa mbwa?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi, maana huku ninakoishi limeshavunja urafiki wa watu wazima. Niko katikati ya Wales, kwenye vilima vya kondoo. Kila majike yanapokaribia kuzaa, ugomvi unarudi: nani aachiwe kazi ya kuua mbweha? Watu wa bunduki wanasema mbwa ni ukatili wa zamani. Mtu mmoja mwenye bunduki ya risasi na darubini inayoona joto la mwili anamaliza kazi usiku, na mnyama hajui kilichompata. Watu wa mbwa wanajibu kwamba wenzao wanapiga mbweha wa mabondeni, walio rahisi kuonekana, halafu wanawaacha wa msituni, na hao wa msituni ndio wanaowaendea kondoo.

Msimamo wangu nauweka wazi. Sheria ya England na Wales imekosea kuhesabu mbwa badala ya kuangalia ardhi. Hunting Act ya 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, inaruhusu mbwa wasiozidi wawili kumtoa mbweha mafichoni ili apigwe risasi. Kwenye shamba la wazi hao wawili wanatosha, pengine hata hawahitajiki. Lakini panda kwenye misitu ya misonobari iliyopandwa milimani huku. Miti imebanana kiasi kwamba ukiingia hatua chache humuoni mwenzako, matawi makavu yanakuchoma usoni, na chini ni giza mchana kweupe. Bunduki humo haina kazi. Mbwa wawili wanaingia upande mmoja, mbweha anawazunguka na kurudi walikotoka, na watu waliojipanga pembeni na bunduki wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Uskoti wamefanya afadhali. Sheria yao ya 2023 nayo imeweka kikomo cha mbwa wawili, ila mfugaji anaweza kuomba kibali cha kutumia zaidi kwa NatureScot, taasisi yao ya uhifadhi, akionyesha kwamba njia nyingine haitafaa. Nataka huku nako iwe hivyo.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, umeruka sababu iliyoileta hiyo sheria. Uchunguzi wa Lord Burns wa mwaka 2000, ulioagizwa na serikali kuhusu uwindaji wa kutumia mbwa, ulisema wazi kwamba kukimbizwa na kuuawa na mbwa kunamuumiza vibaya sana mbweha. Ukasema pia kwamba kumulika kwa taa usiku na kupiga kwa bunduki ya risasi, ikifanywa vizuri mahali panapofaa, kuna madhara madogo kuliko mbwa. Halafu mwaka 2001 ulipoingia ugonjwa wa miguu na midomo, uwindaji wa kutumia mbwa ulisimamishwa karibu mwaka mzima ili usienee. Watafiti wakalinganisha kinyesi cha mbweha kilichookotwa kabla na baada, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la sayansi la Nature mwaka 2002: mbweha hawakuongezeka. Sasa niambie, hao mbwa walikuwa wanapunguza nini?

Mleta mada:
Hoja nzito, ndugu, na nakujibu zote mbili.

Burns hakuishia hapo. Uchunguzi huo huo ulisema kwamba maeneo ya milimani, ambako mbweha wanawaumiza zaidi wafugaji wa kondoo, njia mbadala za mbwa ni chache. Ukasema pia kwamba hakuna njia halali isiyo na kasoro, na kupiga risasi kumo. Ndiyo ninachosema: swali ni ardhi.

Kuhusu 2001, idadi ya mbweha wa nchi nzima siyo hoja ya mfugaji. Mbweha wengi hawagusi kondoo kabisa, wanakula panya, sungura, minyoo na mizoga. Shida inakuwa pale mmoja anapoonja wanakondoo, hasa mbweha jike mwenye watoto wakati huo huo wa masika, akawa anarudi uwanja ule ule kila usiku. Mfugaji anataka huyo aondoke wiki hii.

Na sisi wafugaji tusiwe watu wa kusingizia. Ukikuta mwanakondoo amekufa, usikimbilie kupiga simu. Angalia kwanza kwato zake. Mtoto anayezaliwa huwa na utando laini chini ya kwato, na akitembea kidogo tu unachakaa. Ukiukuta mzima, huyo hakuwahi kusimama, kazaliwa mfu au kafa kwa baridi. Macho na ulimi vikiwa vimeondolewa, mara nyingi ni kunguru. Halafu mchune shingoni. Kama ukigeuza ngozi unakuta alama za meno na damu imevilia chini yake, aling'atwa moyo ukiwa unapiga. Kama nyama ni nyeupe na kavu, aliliwa akiwa tayari mzoga. Nimeona watu wakitaka kundi zima la mbwa kwa ajili ya mwanakondoo aliyekufa kwa baridi, na hilo linatuharibia sote.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni mtu wa bunduki na nina haki ya kusema. Kundi la mbwa likipita karibu na majike wenye mimba, wanakimbia hovyo, wengine wanatupa mimba. Hasara hiyo hamuihesabu. Pia mnaponda taa na darubini kana kwamba ni mchezo. Kabla sijapiga naangalia nyuma ya mbweha kuna nini. Kama hakuna kilima cha kuizuia risasi, sipigi, hata akisimama nusu saa. Na ukimkosa mara moja, usiku unaofuata akiona taa anatoweka. Kazi hii inataka subira, na wengi wetu tunaifanya bila malipo.

Mleta mada:
Kaka, kwa hao majike nakuunga mkono moja kwa moja. Mbwa waingie msituni mapema, kabla kondoo hawajashushwa kuzaa, na wasikanyage uwanja wa kuzalia. Na mabondeni kazi iwe yako wewe, usiku, peke yako. Ninachokataa ni mtu wa bondeni kumwambia wa mlimani kwamba dawa ya bondeni inatosha kwake.

Kuna jambo jingine linaniuma na sioni pande zote mbili zikilisema. Sheria yetu inaruhusu kumwingiza mbwa mmoja shimoni, hawa wadogo aina ya teria, lakini kwa sababu moja tu: kulinda ndege wanaofugwa au kuhifadhiwa ili wapigwe bunduki. Tajiri mwenye ndege wa kuwinda kwa starehe anaruhusiwa. Mfugaji anayepoteza wanakondoo, riziki yake yote ya mwaka, haruhusiwi. Sitaki mfugaji apewe ruhusa hiyo. Nataka yule tajiri anyang'anywe, kwa sababu mapigano ya shimoni ni mateso kwa mbweha na kwa mbwa mwenyewe, anatoka uso umechanika.

Mchangiaji wa tatu:
Niko Longido. Huku mbwa analala na mifugo bomani, fisi akisogea anabweka, watu wanatoka. Kwa nini huko mbwa asilinde badala ya kuwinda?

Mleta mada:
Swali zuri, ndugu. Huku kondoo hawana boma, wametawanyika mlimani usiku na mchana, na njia za umma zinakatiza mashamba. Mbwa mkali wa ulinzi atamrukia mpita njia, au mbwa wa mpita njia, na kesi itakuwa yako. Wanaoweza huwazalisha majike ndani ya banda na kuwatoa watoto wakiwa na nguvu kidogo, na hiyo inasaidia sana. Ila banda ni gharama, na majani makavu ni gharama. Mitego ya nyaya nayo imepigwa marufuku Wales tangu 2023 na Uskoti tangu 2024, nami nimefurahi. Kwa hiyo kilichobaki mkononi ni bunduki na mbwa, na ndiyo maana ugomvi umepamba moto.

Mchangiaji wa kwanza:
Sawa, mlima nimeuelewa. Lakini nani atahakikisha kibali chako hakigeuki kichaka cha wale waliokuwa wanawinda kwa raha?

Mleta mada:
Masharti, na yawe makali. Uskoti kibali cha kulinda mifugo hakizidi siku 14, nazo lazima ziangukie ndani ya miezi 6. Hilo nalichukua lilivyo. Mimi naongeza: aombe mfugaji mwenyewe, siyo chama cha mbwa; aonyeshe mwanakondoo aliyechunwa mbele ya daktari wa mifugo; idadi ya wapigaji na mahali pa kila mmoja iandikwe kabla mbwa hawajafunguliwa, nao wakae karibu, maana marisau ya shotigani, zile chembe nyingi ndogo, yakipigwa kwa mbali yanajeruhi tu na mnyama anakwenda kufia kichakani. Na kundi likiacha mbwa wamrarue mbweha wakati bunduki zipo, kibali kifutwe siku hiyo hiyo na kundi lishtakiwe. Hapo mimi sitalitetea, hata kama ni la jirani yangu.