Texas haidai tena leseni ya kubeba bastola, sasa darasa la nini?

Mwendalori
Wakuu habari za saa hizi. Niko Dallas, nina grinikadi (kibali cha kuishi Marekani, bado sio raia), umri 34, naendesha lori na mara nyingi napeleka mzigo Chicago kupitia Oklahoma na Missouri. Mshikaji wa kazini kaniambia tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye hana makosa anabeba bastola kiunoni Texas bila leseni yoyote, kwa hiyo darasa la kuombea leseni ni kutupa hela. Mke wangu anasema kama nanunua basi nisome kwanza. Nani yuko sahihi?

Babu Shabaha
Mkeo. Mshikaji wako kasema kweli kuhusu Texas, ila sheria ya Texas inaishia mpakani na wewe riziki yako ni kuvuka mipaka. Oklahoma na Missouri nazo hazidai leseni, kazi iko Illinois, jimbo lenye Chicago. Hilo ndilo lilikuwa jimbo la mwisho kuruhusu kubeba silaha kwa kuficha, mwaka 2013, wenyeji wanasoma saa 16 ndo wapewe leseni, na leseni ya Texas haikupi ruhusa ya kutembea nayo mtaani huko. Ila mgeni mwenye leseni ya kwao anaruhusiwa kuwa nayo ndani ya gari, akishuka anaiacha humo na milango kafunga. Bila leseni usijaribu hivyo, itoe risasi zote, ifungie kwenye sanduku la kufuli mbali na mkono wako, na upite moja kwa moja.

Halafu kuna shule. Sheria ya Marekani nzima inakataza bastola yenye risasi ndani ya futi 1000 kutoka shuleni, na anayesamehewa ni aliyepewa leseni na jimbo hilo hilo. Hebu fikiria hapo Dallas unapita shule ngapi kwa siku.

Mama Wawili
Mimi nimesoma hapa Texas. Darasa ni saa 4 mpaka 6 na sehemu kubwa ni sheria, yaani lini unaruhusiwa kutumia nguvu, jinsi ya kutuliza ugomvi kabla haujafika huko, na kuifungia watoto wasiifikie (hiyo peke yake kwangu ilitosha kulipia darasa). Baadae unapiga risasi 50 kutoka yadi 3, 7 na 15, alama zote 250 na ukipata 175 umepita. Alama za vidole utachukuliwa, ombi lenyewe dola 40.

Nilipita vizuri tu lakini kilichonishtua ni kwamba kwenye mtihani hakuna mahali unaichomoa bastola chini ya nguo. Na kuificha ndo kubeba kwenyewe! Shati linakamata, kidole kinakimbilia triga mapema, hapo ndo watu wanajipiga mguu. Ilibidi nimlipe mwalimu tena nikafanya mazoezi na bastola tupu wiki nyingi kabla sijathubutu kutoka nayo. Holsta nunua ngumu inayofunika triga yote, usiiweke mfukoni tu.

Mpiga Debe
Soma na mkataba wa kazi, kampuni nyingi za malori zinakataza silaha kwenye gari hata kama jimbo linaruhusu.

Mwendalori
Asanteni sana. Na hii grinikadi haina shida?

Babu Shabaha
Kununua unaruhusiwa, waliobanwa ni wenye viza za muda kama wanafunzi na watalii, labda awe na leseni ya uwindaji au kitu cha namna hiyo. Lakini nisikilize vizuri ndugu yangu, kosa la silaha ukitiwa nalo hatiani linaweza kukurudisha nyumbani. Raia akikosea pale Illinois atalipa faini au atafungwa kisha arudi kwa wanae, wewe unaweza kumaliza kifungo ukapandishwa ndege. Usibebe hata siku moja kabla hujajua sheria ya jimbo unaloingia.

Mwendalori
Nimemsomea mke wangu hiyo ya mwisho. Nimeshajiandikisha darasa la Jumamosi, na bastola sinunui kwanza mpaka kampuni wanijibu kwa maandishi.