Tremors, Gremlins au Attack the Block: ipi niwawekee wageni?

Rimoti_Mkononi:
Wakuu, salaam. Jumamosi nina wageni na mimi ndiye nimetwishwa kazi ya kuchagua muvi. Nataka ya mazimwi yanayovamia mji, itishe lakini watu wacheke. Nimechuja zimebaki tatu: Tremors (1990), Gremlins (1984) na Attack the Block (2011). Zote nimezionja vipande vipande tu. Nataka moja. Nipeni mawazo.

MzeeWaKideo:
Tremors. Funga uzi.

Bi_Mkorofi:
Mzee, tulia kwanza. Mleta mada, wageni gani hao? Watoto wamo? Kiingereza kinapanda au mnategemea maandishi ya chini? Kuna anayeishiwa nguvu akiona damu? Umeleta swali nusu, usishangae majibu nayo yakija nusu.

Chunusi:
Na kutisha kiasi gani? Kuna kutisha kwa kushtuka na kuna kutisha kwa kuomba usindikizwe chooni.

MzeeWaKideo:
Kwa Tremors maswali yote hayo hayana kazi, ndiyo maana nikasema ufungwe. Kijiji cha jangwani Nevada, kinaitwa Perfection, watu wake wa kuhesabika na wote wanajuana. Chini ya mchanga kuna minyoo mikubwa isiyo na macho, inawinda kwa kufuata mtikisiko. Ukitembea umekwisha. Ukipanda juu ya mwamba umepona, lakini utakaa hapo mpaka lini? Kuna mzee anakutwa juu ya mnara wa umeme ameshika bunduki yake, amekufa kwa kiu kwa kuogopa kushuka. Hakuna tone la damu pale, na mwili unasisimka.

Sasa nenda kwa Burt na mkewe Heather. Wako chumba cha chini ya nyumba, mnyoo unapasua ukuta na kuingia ndani. Unasema hawa ndiyo basi tena. Kamera inageuka, unauona ukuta wa upande wa pili: bunduki kutoka juu mpaka chini. Wanafyatua, ikiisha risasi wanatupa, wanachukua nyingine, mpaka Burt anaishia kushusha lile bunduki la kuwindia tembo. Hakuna anayechekesha mle ndani. Wamekunja sura, wanapigania roho zao. Anayecheka ni wewe uliyekaa kwenye kochi. Muvi za aina hii zinazojua siri hiyo ni chache, nyingi steringi anakukonyeza kila dakika kukukumbusha kwamba ni utani.

Ghorofa_la_Tisa:
Mzee anaongea kana kwamba dunia ilisimama 1990. Attack the Block ndiyo jibu. Vijana wa mtaani kusini mwa London wanamkaba nesi mmoja usiku, na papo hapo kitu kinaanguka kutoka angani. Wanakiua kwa kiburi tu, halafu wenzake wanakuja. Ndiyo muvi ya kwanza ya John Boyega, kabla dunia haijamjua. Anaigiza Moses, haongei sana, lakini ukimtazama macho unajua kijana amebeba kitu. Na yale mazimwi! Meusi tii, hayana macho, unaona meno tu yanawaka gizani. Kama unataka kucheka na kushtuka kwa pamoja, korido ile yenye moshi inatosha.

Bi_Mkorofi:
Na matusi je? Na bangi? Maana mleta mada bado hajatuambia anakaa na nani hiyo Jumamosi. Uingereza ile waliipa kuanzia miaka 15.

Ghorofa_la_Tisa:
Matusi yapo, ni vijana wa mtaani, ulitaka waimbe kwaya?

Pazia_Jekundu:
Ngoja niwaambie habari ya Gremlins maana naona hakuna anayeigusa. Kwetu ililetwa na shemeji yangu, mtu wa kujua kila kitu. Kwenye kasha kuna kale kajinyama ka manyoya, Gizmo, macho makubwa, masikio mapana. Shemeji akasema hii ya watoto, wawekeni wote mbele. Nusu saa ya kwanza raha tupu. Watoto wanakariri yale masharti matatu: kasipigwe na mwanga mkali, kasilowe maji, kasilishwe baada ya saa sita usiku. Binti wa mwisho akawa anamtaka Gizmo wake.

Kisha ikaja jikoni. Mama wa kijana anayemfuga Gizmo yuko peke yake, vile vijitu vya kijani vilivyozaliwa masharti yalipovunjwa viko kwenye makabati. Kimoja kinasagwa kwenye mashine, kingine anakichoma kisu, kingine anakifungia ndani ya maikrowevu mpaka kinapasuka. Watu wazima tulikuwa tunacheka mpaka machozi, nikageuka kuwatazama watoto, kimya. Wawili wamejifunika shuka. Shemeji anasema "ni midoli hiyo, midoli!"

Na hayo si kitu. Baadaye kuna yule dada, Kate, anaeleza kwa nini hapendi Krismasi. Baba yake alipotea mkesha wa sikukuu, siku kadhaa baadaye wakamkuta amekufa ndani ya bomba la moshi, amevaa nguo za Baba Krismasi, mikononi zawadi. Anamalizia kwa kusema ndivyo alivyojua kwamba Baba Krismasi hayupo. Binti akavua shuka usoni, akauliza polepole: "Hayupo?" Shemeji akakumbuka ana simu ya kupiga nje. Nani aliachiwa maelezo? Mimi. Mpaka leo akileta muvi nasoma kwanza habari zake.

Chunusi:
Shemeji alikimbia kuliko steringi 😂😂

MzeeWaKideo:
Hiyo si ajabu. Gremlins pamoja na ile ya pili ya Indiana Jones ndizo zilizowafanya Wamarekani mwaka huohuo wa 1984 waongeze daraja la PG-13, la kuwaonya wazazi wenye watoto chini ya miaka 13, maana wazazi walilalamika kupita kiasi. Gremlins yenyewe ilitoka na PG, daraja jepesi zaidi, kwa hiyo shemeji hakuwa peke yake. Tremors imepewa PG-13, angalau unajua unaingia wapi.

Bi_Mkorofi:
Mimi naitetea Gremlins kwa watu wazima. Joe Dante, mwongozaji wake, anaweka kitu kibaya ndani ya kitu kizuri, na hilo la Kate ndilo lenye makali kuliko yote. Huwezi kujua ucheke au unyamaze. Studio hawakulipenda, yeye akashikilia libaki. Hiyo ndiyo kazi.

Ghorofa_la_Tisa:
Ila vile vijitu vinaonekana mpira mtupu sasa hivi.

MzeeWaKideo:
Bora mpira! Mpira una uzito, ukiugonga unaugonga kweli. Nenda kaangalie Eight Legged Freaks ya 2002, mabuibui ya kompyuta yanaruka kama hayana mifupa, kisha rudi kwenye Arachnophobia ya 1990, walitumia buibui hai kutoka New Zealand. Ukimaliza hiyo ya pili utakung'uta viatu kabla ya kuvaa.

Ghorofa_la_Tisa:
Mzee, hata Attack the Block ni watu ndani ya mavazi ya manyoya. Kompyuta walitumia kufuta maumbo yasionekane, pabaki weusi mtupu na meno. Kwa hiyo umenipa pointi bila kujua.

MzeeWaKideo:
Hiyo sikuijua. Haya, nusu pointi.

Kilevi_cha_Bahari:
Samahani kuingilia, mbona Grabbers (2012) haijatajwa? Kisiwa cha Ireland, madude ya minyiri yanatoka baharini, yanahitaji maji na damu. Kisha wanagundua pombe ni sumu kwa hayo madude. Kwa hiyo mpango wa kujiokoa ni kisiwa kizima kujazana baa na kulewa chakari, ila wengi wao hawaambiwi sababu! Polisi mlevi ndiye anayelazimika kubaki na akili timamu, na mwenzake asiyegusa pombe ndiye anayelewa. Huyo dada akishalewa, mbavu huna.

Chunusi:
Mleta mada ametaja tatu, wewe unaleta ya nne. Basi na mimi naleta The Host ya Bong Joon-ho, 2006. Dude linatoka Mto Han, Seoul, mchana kweupe, hata muvi haijakolea. Wengine wanakuficha mpaka mwisho, huyu anakuonyesha mapema na bado unaogopa.

Bi_Mkorofi:
The Host si ya kuchekesha, Chunusi. Ni msiba.

Chunusi:
Msiba ndiyo, lakini pale kwenye ukumbi wa maombolezo familia nzima inalia mpaka inagaragara chini, wapiga picha wanapiga tu, ukaacha kucheka? Halafu ukajisikia vibaya. Mimi nacheka hapo.

Bi_Mkorofi:
Nilicheka. Bado ni msiba.

Rimoti_Mkononi:
Jamani nimerudi, samahani, nilikuwa kazini. Watoto wapo wawili, wa miaka 7 na 11. Na mama mkwe yupo.

Ghorofa_la_Tisa:
Mama mkwe!!! Na hukusema tangu mwanzo? Attack the Block futa. Utakohoa dakika zote 88.

Pazia_Jekundu:
Gremlins futa pia. Huyo wa miaka 7 anamwamini Baba Krismasi?

Kilevi_cha_Bahari:
Grabbers mama mkwe atafurahi, ni baa tu.

Bi_Mkorofi:
Kilevi, jina lako linajieleza.

MzeeWaKideo:
Narudia. Tremors. Wa miaka 7 akae karibu na mtu mzima, maana kuna kichwa cha mzee chini ya kofia pale mchangani, na mwenye duka anavutwa na minyoo mbele ya wenzake. Matusi yamo machache. Mama mkwe atampenda Heather, ni Reba McEntire yule mwimbaji, na mwanamke anashika bunduki kuliko wanaume wote.

Rimoti_Mkononi:
Mama mkwe anaogopa nyoka. Minyoo hiyo ina sura ya nyoka?

Chunusi:
Midomoni mwake inatoka vitu vitatu kama nyoka, tena vina meno. Mzee, hilo ulilimezea.

MzeeWaKideo:
Ni ndimi.

Chunusi:
Ndimi zenye meno ni nyoka, tusidanganyane.

Ghorofa_la_Tisa:
Si awawekee sehemu ya pili basi? 1996, pale minyoo inageuka vitu vyenye miguu miwili, mbio kama kuku.

MzeeWaKideo:
Kevin Bacon, steringi wa ya kwanza, hayumo, lakini mwenzake Fred Ward, anayeigiza Earl, yumo na muvi ni nzuri kuliko watu wanavyoisema. Havifuati mtikisiko, vinafuata joto la mwili. Earl anajimwagia gesi ya kizimamoto ajipoze vikose kumwona.

Bi_Mkorofi:
Nzuri kuliko ya kwanza?

MzeeWaKideo:
Sikusema hivyo.

Kilevi_cha_Bahari:
Mimi nasema. Ya pili ni bora, maana Burt anapewa nafasi yake.

MzeeWaKideo:
Fungua uzi wako, Kilevi, nitakuja huko tuzungumze vizuri.