Mmea wa mitungi unatoa majani bila mitungi: tatizo ni nini?

Mkaaghorofa (Nairobi)
Hamjambo wanajukwaa. Ninaomba ushauri kuhusu mmea wa mitungi, chotara aitwaye Nepenthes ventrata, ambao hunasa wadudu kwa mitungi inayoota kwenye ncha za majani, na ambao ninautunza sebuleni. Ulipotoka kitaluni ulikuwa na mitungi mizuri, lakini yote imekauka, na ingawa majani mapya yanaendelea kuchipua, kile kitumba kilicho kwenye ncha ya kikono cha jani hufikia ukubwa wa punje ya mchele kisha huwa cheusi na kukoma. Mmea uko mezani, mbali kidogo na dirisha. Ninaumwagilia maji ya bomba, ambayo katika jengo letu hutoka kisimani, na niliuhamishia kwenye udongo mweusi wenye samadi. Je, una njaa? Jirani ananishauri niutumbukizie vipande vya nyama.

Mtunza Roshani
Ndugu, mmea wako hauna njaa, na nyama usiupe kabisa, kwani huoza ndani ya mtungi na kuuharibu. Wazazi wa chotara huyu wanatoka Ufilipino, na jamii hii kwa jumla imezoea udongo fukara, ambamo wadudu ndio huongezea naitrojeni na fosforasi ambazo mizizi haizipati. Kwa hiyo samadi huiunguza mizizi badala ya kuilisha. Ondoa udongo huo wote taratibu, kisha panda upya katika kuvumwani ya sfagnamu iliyochanganywa na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano), au katika makumbi ya nazi yaliyosuuzwa mara kwa mara hadi chumvi iishe.

Maji ya kisima nayo yaache, maana visima vingi vya Nairobi vina madini mengi, floraidi ikiwamo. Kinga maji ya mvua, au nunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, mradi uhakikishe kwamba ni maji matupu wala si asidi.

Hata hivyo, ninachokishuku zaidi ni ile meza. Chumba kinachotosha macho yetu kusoma gazeti bado ni giza kwa mmea huu, hasa mwezi wa Julai ambapo wingu halibanduki. Usogeze hadi kwenye kioo cha dirisha linalotazama mashariki, na ikishindikana, uwashie taa nyeupe ya LED kwa saa 12 hadi 14 kwa siku.

Mpwani (Dar es Salaam)
Ninakubaliana na mwenzangu, ila niongeze suala la hewa: kitumba kikikauka kikiwa kidogo, mara nyingi hewa ni kavu. Kunyunyizia majani maji hakusaidii sana, kwa sababu unyevu huo hupotea upesi. Afadhali sinia la kokoto zenye maji, chungu kikae juu ya kokoto bila kitako chake kugusa maji. Huku kwetu aina za nyanda za chini, kama Nepenthes rafflesiana, hustawi barazani, lakini zile za milimani zinazodai usiku wa baridi hutushinda.

Mkaaghorofa
Ahsanteni sana. Je, majani yaliyokwisha kukosa mitungi yataitoa baadaye?

Mtunza Roshani
Hapana; kitumba kikishakufa, jani hilo haliwezi kutoa kingine, ingawa usilikate maadamu ni kijani. Angalia majani yatakayochipua baada ya kuuhamisha. Mtungi mpya ukifunguka utaukuta tayari una majimaji yake, nayo usiyamwage.