Upasuaji wa kupunguza unene: je, ni salama kwa mkazi wa Kigoma?

Mleta mada, Ujiji:
Ndugu zangu, shangazi yangu, mwenye kisukari na magoti yaliyochoshwa na uzito, ameshauriwa akapunguzwe tumbo kwa upasuaji Dar es Salaam, na nusu ya ukoo inasema tunampeleka machinjioni. Mimi nasema aende. Huondolewa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula tumboni, kikabaki kipande chembamba mfano wa ndizi, na katika hospitali zenye uzoefu wanaofariki ndani ya siku 30 hawafiki mmoja kati ya wagonjwa 100. Aidha, utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionesha kwamba vifo vilikuwa vichache kwa waliopasuliwa kuliko kwa wanene wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Wanaoogopa kisu wahesabu pia wanaouawa na kisukari.

Mchangiaji wa pili, muuguzi, Kasulu:
Dada, takwimu zako sizipingi, ingawa wengi katika utafiti huo walifanyiwa upasuaji wa aina ambayo leo karibu imeachwa. Ninachokiogopa mimi ni reli, kwa maana kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni takribani kilomita 1,250. Mshono wa mfuko huo wa chakula ukivuja, mara nyingi huvuja katika wiki za mwanzo, mgonjwa akiwa ameruhusiwa. Moyo huenda mbio, homa hupanda, tumbo huuma, na huku kwetu mtu wa namna hiyo hupimwa malaria kwanza, wakati kila saa inayopita inamweka karibu na kaburi. Kisha zipo vitamini na madini ya kumeza maisha yote; akiziacha kwa kuwa zimekwisha duka la dawa, atapungukiwa na damu, na ukosefu wa B12 waweza kumharibu mishipa ya fahamu. Chakula hakinitishi sana, kwani dagaa wetu wana protini na madini ya chokaa (kalsiamu) ya kutosha. Kazi itakuwa kwenye ugali wa muhogo, ambao tangu utotoni tumezoea kuumeza bila kutafuna.

Mchangiaji wa tatu, Mwanga:
Kwa nini asiwekewe puto tu ndani ya mfuko wa chakula? Halina kisu.

Mchangiaji wa pili:
Puto hutolewa baada ya miezi kadhaa, na wengi uzito huwarudia.

Mleta mada:
Hiyo ya kupimwa malaria sikuwa nimeifikiria, nami nimeisoma kwa sauti mbele ya wazee usiku huu. Bado nasema aende, ila akishapasuliwa akae Temeke kwa binamu yangu wiki sita, na arudi na barua ya daktari inayoeleza alichofanyiwa, ili hospitali yetu ya Maweni wakimpokea na homa wajue pa kuanzia. Baba mdogo ameuliza nani atamlisha mgonjwa mjini muda wote huo, na kikao kimevunjika hapo.