Je, kuna uzi unaounganisha mashine ya Konrad Zuse na michezo ya kompyuta ya Ujerumani?

Mlezi wa Klabu aliuliza:

Habari zenu. Ninaandaa mada kwa ajili ya klabu ya kompyuta ya vijana wa sekondari, na nimechagua Ujerumani kwa sababu masimulizi yetu ya historia ya kompyuta huanzia Marekani na kuishia hukohuko. Ninafahamu kwamba mhandisi Konrad Zuse aliunda Z3, moja ya kompyuta za mwanzo kabisa, mjini Berlin, na kwamba kampuni ya Kijerumani ya Crytek ilitoa mchezo wa kompyuta wa Far Cry mwaka 2004. Kinachonitatiza ni cha katikati: je, kuna uzi unaoviunganisha vitu hivi viwili, au vilitokea tu katika nchi moja?

Mwalimu wa Hisabati alijibu:

Kwa upande wa Zuse, nakusihi usiwape vijana jina na mwaka peke yake, bali uwaonyeshe mashine ilivyofanya kazi. Z3, ambayo wataalamu walionyeshwa tarehe 12 Mei 1941, ilikuwa na relei zaidi ya 2,000, yaani swichi za umeme kama zile za mitambo ya simu ya wakati huo. Kwa kuwa relei ama imefungwa ama imefunguka, Zuse alihesabu kwa 0 na 1 badala ya tarakimu kumi. Kumbukumbu yake ilibeba namba 64 tu, na kuzidisha namba mbili kulichukua takriban sekunde 3. Maelekezo yalitobolewa kwenye mikanda ya filamu za sinema iliyokwisha kutumika, wazo lililotoka kwa rafiki yake Helmut Schreyer, kwa hiyo mkanda uliokuwa umebeba picha za waigizaji ukaja kubeba matundu ya hesabu.

Z3 iliteketea kwa mabomu mwaka 1943, na ile inayoonekana leo katika jumba la makumbusho la Deutsches Museum, München, ni nakala iliyoundwa upya baadaye. Z4, mashine yake iliyofuata, ilinusurika kwa sababu iliondolewa Berlin mapema mwaka 1945 na kufichwa katika kijiji cha milimani cha Hinterstein, kisha mwaka 1950 ikakodishwa kwa chuo cha ETH cha Zürich. Kampuni ya Zuse yenyewe ilimezwa na Siemens katika miaka ya 1960, ikiwa inahudumia wahandisi na wanasayansi. Kwa maoni yangu, uzi wa moja kwa moja kwenda kwenye michezo haupo, na si vizuri kuusuka kwa nguvu.

Mpenda Chipu alijibu:

Nakubaliana na Mwalimu, ila tusisahau kwamba kwa miaka 40 kulikuwa na Ujerumani mbili, na ile ya Mashariki ndiyo inayonigusa zaidi. Kwa kuwa nchi za Magharibi ziliiwekea vikwazo vya teknolojia, wahandisi wake walinakili prosesa (chipu inayotekeleza maelekezo ya kompyuta) ya Kimarekani ya Z80 na kuiita U880, nayo ikawa moyo wa kompyuta ndogo za KC 85 zilizoundwa Mühlhausen. Prosesa hiyohiyo iliendesha Poly-Play, mashine ya michezo iliyotengenezwa Karl-Marx-Stadt, mji ambao leo unaitwa Chemnitz. Ilikuwa kabati lenye skrini na mahali pa kutumbukiza sarafu, na ndani yake mlikuwa na michezo minane. Mmoja wao uliwaweka Sungura na Mbwamwitu wa katuni ya Kisovieti katika njia za kupotezana, mithili ya Pac-Man, mchezo maarufu wa kukimbizana ndani ya njia kama hizo. Vijana wetu waliokulia hadithi za Sungura na Fisi hawatahitaji maelezo marefu kuuelewa mchezo huo.

Msafiri wa Rhine alijibu:

Nami niongeze upande wa Magharibi. Huko vijana walijifunzia kwenye Commodore 64, kompyuta ya Kimarekani iliyopendwa mno Ujerumani, na mwaka 1987 kampuni ya Rainbow Arts ikatoa The Great Giana Sisters, mchezo uliofanana na Super Mario Bros. wa kampuni ya Nintendo kiasi kwamba uliondolewa madukani upesi.

Halafu yupo Ralph Baer, ambaye ningemweka mbele ya wote hao. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika familia ya Kiyahudi, akafukuzwa shule kwa sababu ya asili yake, na mwaka 1938 familia yake ikakimbilia Marekani. Huko alibuni mashine ambayo mwaka 1972 iliuzwa kwa jina la Magnavox Odyssey, kifaa cha kwanza cha kuchezea michezo ya video kwenye televisheni ya nyumbani. Huo ndio uzi ambao ungeweza kubaki Ujerumani, na Wanazi ndio walioukata.

Mlezi wa Klabu alijibu:

Nawashukuru nyote. Nilikuwa nimempanga Baer upande wa Wamarekani bila kujiuliza alifikaje huko, na sasa nitampa nusu nzima ya kipindi. Kwa sehemu ya Zuse nitakwenda na vipande vya karatasi ngumu pamoja na kitoboleo, ili kila kijana atoboe maelekezo ya kujumlisha namba mbili, kisha ampe mwenzake ayasome kwa kufuata matundu tu.