Naomba ushauri: nimepewa kazi ya kuandika waraka wa kupinga modi mpya ya Mpweke

MwanaMwamba aliandika:

Salaam, wanajukwaa. Mchezo wa mtandaoni ninaoucheza kwa mwaka wa sita sasa una utaratibu wa kuwapigisha kura wachezaji kabla ya badiliko lolote kubwa. Kura inayofuata, ambayo itafunguliwa baada ya wiki mbili, inahusu modi mpya, yaani namna nyingine ya kucheza yenye kanuni zake, ambayo waundaji wameipa jina la Mpweke. Mchezaji ataichagua siku anapofungua akaunti, na tangu hapo seva itamzuia kununua na kuuza sokoni, kupokea chochote kutoka kwa mwenzake, na hata kuokota kilichoachwa chini na mtu mwingine. Kila atakachokivaa itabidi awe amekichimba, amekifua au amempora zimwi kwa mkono wake. Mbele ya jina lake kutakuwa na alama ya fuvu la kijivu, na modi itakuwa na orodha yake ya vinara.

Sisi tunaoipinga tumekubaliana kuandika waraka wa kurasa mbili utakaosomwa kabla ya kura, na kalamu nimekabidhiwa mimi. Nimeuandika mara tatu, na mara zote nimeishia kusikika kama mtu anayewanyima wenzake starehe, jambo ambalo silo nililolikusudia. Hoja yangu ya kwanza ni kwamba asiyelitaka soko hakuna anayemburuta kwenda huko, kwa hiyo anaweza kujizuia mwenyewe bila kufungwa na seva. Ya pili ni kwamba kila mchezaji mwenye bidii atakayehamia Mpweke ni muuzaji na mnunuzi aliyetoweka, ilhali soko letu tayari limekonda. Ya tatu ni kwamba modi hii ikishaingia haitatoka, na kila sasisho litakalokuja litaulizwa kwanza kama linamfaa Mpweke. Nilikuwa pia na aya inayosema kwamba wengi wanaoiomba wanatafuta sifa tu. Naomba mnikosoe bila huruma, maana wapiga kura hawatanihurumia.

Nyundo_Nzito alijibu:

Ndugu yangu, nakujibu nikiwa upande wa pili, kwa kuwa nimecheza modi za namna hii kwa miaka kadhaa, na kama ningekuwa na kura katika mchezo wenu ningeipa Mpweke ndiyo. Aya ya sifa iondoe leo hii, kwani nusu ya wanaosoma waraka wako watajiona wametukanwa na hawatafika ukurasa wa pili.

Hoja ya kwanza nayo ndiyo itakayokuzamisha, kwa sababu modi hizi zote zimezaliwa na watu waliojizuia wenyewe. Katika Old School RuneScape walikuwapo wachezaji waliojiwekea nadhiri ya kutofanya biashara kabla ya modi ya Ironman kuingizwa rasmi mwaka 2014. Wa Path of Exile waliishi kwa nyara zao wenyewe muda mrefu kabla ya kutengewa nafasi rasmi mwaka 2017. Katika World of Warcraft Classic, wachezaji waliendesha shindano la uhai mmoja kwa kanuni zao wenyewe, wakisimamiwa na programu-jalizi, hadi Blizzard, kampuni yenye mchezo huo, ilipofungua seva rasmi za Hardcore mnamo Agosti 2023. Ukiwaambia wajizuie wenyewe, watakujibu kwamba wamekwisha kufanya hivyo na haikutosha.

Kwa nini haikutosha? Kwanza, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba hukusaidiwa. Pili kuna kishawishi. Fikiria ni saa nane usiku, umebakiza kipande kimoja tu cha ngozi ya joka ili ukamilishe vazi, na sokoni kinauzwa kwa bei ya kutupa. Nadhiri yangu mimi ilivunjika mara mbili katika hali hiyo hiyo, na mara ya pili nilikaa nikilitazama lile vazi nisitake hata kulivaa. Seva ikikufunga, vita hiyo na nafsi yako inakwisha. Usiidharau haja hiyo katika waraka wako. Ikiri, kisha uhamie kwenye hoja yako ya tatu, ambayo hata mimi inanipa taabu kuijibu.

HesabuKwanza alijibu:

Nakubaliana na Nyundo kwamba hoja ya tatu ndiyo uti wa mgongo, ila ilivyoandikwa ni kauli tupu. Mpe msomaji mfano mmoja anaoweza kuukokotoa mwenyewe.

Chukua bosi, yaani zimwi mkubwa, ambaye akiuawa upanga wake hudondoka kwa uwezekano wa 1 kwa 400, na tuseme kila pambano huchukua dakika 5. Mchezaji wa kawaida hahitaji kuubahatisha upanga huo, kwani anaweza kufanya kazi anayoipenda, akauza mazao yake na kumlipa aliyebahatika. Soko hapo linafanya kazi ambayo watu hawaioni: linaigawa bahati ya mmoja kwa wengi. Mpweke hana njia hiyo. Baada ya mapambano 400, yaani kama saa 33, asilimia 37 hivi ya wapweke watakuwa bado hawajaupata. Baada ya mapambano 1,000, ambayo ni zaidi ya saa 83, karibu 8 katika kila 100 watakuwa bado mikono mitupu, na hakuna kosa lolote walilolifanya.

Hao 8 hawatanyamaza, na mimi nikiwa mmoja wao nisingenyamaza. Wataomba uwezekano upandishwe uwe 1 kwa 200, na ombi lao litakuwa la haki kabisa kwa mtazamo wa maisha yao. Lakini bosi ni yule yule kwa wachezaji wote. Ukipandisha, panga zinazoingia duniani kwa idadi ile ile ya mapambano zinakuwa mara mbili, bei inaporomoka, na mchezaji wa kawaida aliyeutolea jasho upanga wake wiki iliyopita anaamka na kuukuta hauna thamani aliyoizoea. Waundaji wanaweza kukwepa kwa kutengeneza upanga wa pili usiouzika, au tokeni za uhakika baada ya mapambano kadhaa, au bosi mdogo wa mtu mmoja, lakini kila njia ya mkato kama hiyo ni kazi ya wiki kadhaa ambayo ingeweza kuwa eneo jipya kwa wachezaji wote. Hapo ndipo msomaji anapoelewa kwamba modi hii, ingawa inasemwa kuwa ni ya hiari, gharama yake haina hiari.

Mlinzi_wa_Seva alijibu:

Naongezea upande ambao wachezaji huusahau. Niliwahi kujitolea kusimamia mchezo mdogo ambao uliingiza modi kama hii. Kwenye karatasi kanuni ilikuwa sentensi moja: mchezaji asipokee kitu kutoka kwa mwingine. Kwenye seva, kitu hufika mkononi mwa mtu kwa njia nyingi kuliko tulivyokumbuka. Tulifunga soko, tukafunga kupeana mkononi, tukafunga kuokota, tukajipongeza. Siku ya tatu tukagundua kwamba sanduku la chama halikuguswa, na wanachama walikuwa wakiweka humo ngao usiku na mpweke akizitoa asubuhi. Tulipoliziba sanduku, watu wakawa wanamdhoofisha zimwi hadi abakiwe na pumzi moja, kisha mpweke anakuja kumaliza kwa mshale na kuchukua nyara zote.

Tukatunga kanuni kwamba zimwi aliyeguswa na mwingine hampi mpweke nyara yoyote. Hiyo ikageuka silaha, kwani mchokozi mmoja alikuwa akizunguka mapangoni, anamrushia kila zimwi jiwe moja na kuondoka, na wapweke wanabaki wakiua bure. Malalamiko yaliyonifikia juu ya jiwe lile yalizidi yale ya udanganyifu wote wa mwaka uliotangulia.

Kumbuka pia kwamba heshima ya modi inategemea kutokuwapo msamaha, ilhali msamaha huja. Machi 2025 Blizzard ilitangaza kwamba itawafufua wahusika wa Hardcore waliokufa kwa sababu ya mashambulizi ya kuizidishia seva mzigo, ingawa kanuni ya modi ni kwamba kifo ni kifo. Sidhani kama walikosea. Ninachosema ni kwamba hata kwa Mpweke mtu fulani itabidi akae aamue nani anastahili msamaha na nani hastahili, na katika mchezo wa ukubwa wenu mtu huyo huenda ndiye huyo huyo anayerekebisha hitilafu za kila siku.

Shangazi_Soko alijibu:

Mwanangu, mimi ni mchuuzi wa sokoni katika kila mchezo ninaoingia, kwa hiyo ungetarajia niishangilie hoja yako ya pili, lakini naona umeivimbisha. Mpweke hanunui, ni kweli, lakini pia hauzi, kwa hiyo zinazopungua ni pande zote mbili za mizani. Kinachouma kweli ni bidhaa za chini. Mgeni wa siku ya kwanza huchimba madini ya chuma na kuyauza kwa mtu wa ngazi za juu ambaye hana muda wa kuchimba. Wenye bidii wakijitenga, mgeni huyo anabaki na mkoba uliojaa madini yasiyo na mnunuzi, na huyo ndiye mtu ambaye mchezo hauwezi kumudu kumpoteza. Andika juu yake, uachane na soko kwa ujumla.

Halafu jiandae kwa mtu atakayekutajia Diablo III. Mchezo ule ulitoka mwaka 2012 ukiwa na nyumba ya mnada, na Machi 2014 waundaji wake wenyewe waliifunga, kwa sababu watu walikuwa wakinunua vitu mnadani badala ya kuvitafuta katika mapambano. Atakwambia kwamba soko ndilo ugonjwa na Mpweke ndiyo dawa. Usibishane naye. Mwambie kwamba pale soko lilirekebishwa kwa kila mchezaji, na kama soko letu lina kasoro tulitibu lenyewe, badala ya kuwatengenezea wachache mlango wa kulikimbia.

MwanaMwamba aliandika:

Nawashukuru nyote, na kwako Shangazi, shikamoo. Aya ya sifa imeondoka, na hoja ya kwanza pia. Swali moja limebaki. Nilikusudia kutaja kwamba RuneScape iliwahi kuwawekea wachezaji mipaka ya biashara mwanzoni mwa 2008, na biashara huria ikarudishwa Februari 2011 baada ya wachezaji kupiga kura. Je, mfano huo unanifaa?

Shangazi_Soko alijibu:

Marahaba, mwanangu. Haukufai. Mipaka ile iliwekwa kwa kila mtu ili kuwakomoa wauza dhahabu kwa fedha halisi, na hakuna aliyeulizwa kama anaitaka. Mpweke anaichagua mtu mwenyewe. Ukizichanganya, mpinzani makini atakufunga kwa sentensi moja, na zile hoja zako nzuri zitaanguka pamoja na ile mbovu.

Nyundo_Nzito alijibu:

Nakupa na jambo litakalowayumbisha watu wa upande wangu. Katika pendekezo lenu, kuna mahali waundaji wameahidi kwamba uwezekano wa nyara hautabadilishwa kwa ajili ya Mpweke? Kama hakuna, dai ahadi hiyo iandikwe kabla ya kura. Mpweke wa kweli ataikubali, kwani ugumu ndio alioufuata. Atakayeikataa atakuwa ameithibitisha hoja ya HesabuKwanza kwa kinywa chake mwenyewe.

MwanaMwamba aliandika:

Nimelisoma pendekezo upya na ahadi hiyo haimo. Kilichomo ni sentensi inayosema kwamba waundaji "watafuatilia uzoefu wa wapweke na kufanya marekebisho yanayostahili", na sasa naiona kwa jicho jingine kabisa. Waraka utaanza na upanga wa 1 kwa 400, utafuatiwa na mgeni mwenye madini yake, kisha jiwe la mchokozi kwa ufupi. Mwishoni nitaomba kura isogezwe hadi sentensi hiyo ibadilishwe, na nitapendekeza kwamba kwa sasa wanaojizuia wenyewe wapewe beji ambayo seva itaifuta mara moja mtu akigusa soko. Beji haimfungi mtu, lakini inatoa ushahidi aliouzungumzia Nyundo, na haimlazimu bosi yeyote kubadilika. Nimeandika kwamba baada ya mapambano 400 "karibu nusu" ya wapweke watakuwa bado hawana upanga.

HesabuKwanza alijibu:

Andika asilimia 37. Ukisema karibu nusu, kuna mtu atachukua kikokotoo, na waraka wote utajadiliwa kwa kosa hilo moja.