Ushauri: moduli ya C inakompailiwa vizuri, lakini Lua inakataa kuipakia

Mpima_Maji:
Ndugu zangu, salaam. Nina laibrari ndogo ya C ambayo husoma data za mita za maji na kuhakiki kama zimefika zikiwa kamili, nami ningependa kuitumia ndani ya skripti za lugha ya Lua badala ya kuandika upya mahesabu yote. Ninatumia Debian, na nimekompaili hivi:

`gcc -shared -fPIC -I/usr/include/lua5.4 -o mita.so mita.c hakiki.c`

Kompaila haikutoa onyo lolote. Hata hivyo, skripti inapofika kwenye `require "mita"`, inasimama na kuleta ujumbe `undefined symbol: luaL_setfuncs`. Rafiki mmoja amenishauri niongeze `liblua5.4.a` (laibrari ya Lua yenyewe) kwenye amri ili simboli hiyo, yaani jina la fankisheni, ipatikane. Je, ndiyo njia sahihi?

Fundi_wa_C:
Ndugu Mpima_Maji, kabla ya kuongeza chochote, endesha kwanza `lua -v`. Fankisheni `luaL_setfuncs` iliingia katika Lua 5.2, iliyotolewa mwaka 2011, na katika 5.1 haimo. Ninavyoona, amri ya `lua` kwenye mashine yako inaita 5.1, ilhali wewe umekompaili kwa mafaili ya `.h` ya 5.4. Kompaila ilinyamaza kwa sababu kwenye Linux faili la `.so` (laibrari inayopakiwa programu ikiendeshwa) linaruhusiwa kuundwa hata kama baadhi ya simboli zake bado hazijapatikana. Hizo hutafutwa baadaye, faili linapopakiwa. Jaribu kuendesha skripti hiyohiyo kwa `lua5.4`.

Mzee_wa_Linka:
Naunga mkono, na naomba nisisitize suala la `liblua5.4.a`, kwa kuwa ushauri huo hutolewa mara nyingi na una madhara makubwa. Kwa kawaida programu ya `lua` kwenye Linux huundwa kwa `-Wl,-E`, maana yake fankisheni zake huachwa wazi ili moduli yoyote inayopakiwa iziazime. Moduli haitakiwi kubeba Lua yake. Ukiibebesha, utakuwa na Lua mbili ndani ya mchakato mmoja: `lua_State` (muundo unaohifadhi hali ya Lua) imeundwa na 5.1, kisha inasomwa na fankisheni za 5.4 ambazo hupanga vitu kwenye kumbukumbu kwa namna tofauti. Ujumbe wa hitilafu utatoweka, lakini programu itaanguka, au itaharibu data bila kukuarifu, na kwa data ambazo mtu atatozwa fedha kwazo hilo halikubaliki hata kidogo. Matoleo yakilingana pia si salama. Ndiyo maana 5.2 na 5.3 ziliwekewa ukaguzi unaotoa ujumbe `multiple Lua VMs detected`.

Ukihamia macOS, ongeza `-undefined dynamic_lookup`. Windows ni tofauti: huko lazima simboli zote zipatikane wakati wa kuunganisha, kwa hiyo utaunganisha na DLL (laibrari ya Windows, mfano wa `.so`) ileile inayotumiwa na programu ya Lua.

Mpima_Maji:
Nawashukuru sana. `lua -v` imeonyesha 5.1, na kwa `lua5.4` moduli imepakiwa vizuri. Sasa nimeihamishia kwenye folda ya `maji`, na `require "maji.mita"` inaleta `undefined symbol: luaopen_maji_mita`. Vilevile nataka `hakiki.c` iwe laibrari ya pekee, `libhakiki.so`, ili programu nyingine ziitumie.

Fundi_wa_C:
Lua hutafuta fankisheni ya kuanzia kwa kufuata jina ulilolipa `require`, ikigeuza nukta kuwa mstari wa chini. Badilisha `luaopen_mita` iwe `luaopen_maji_mita`, kisha kompaili upya. Ukiwahi kuiandika kwa C++, itangulize kwa `extern "C"`, la sivyo kompaila italigeuza jina na halitapatikana.

Kuhusu `libhakiki.so`, hii kweli unapaswa kuiunganisha, kwa sababu Lua yenyewe haina fankisheni zake. Weka `-lhakiki` baada ya `mita.c`, na `-L` ikielekeza kwenye folda yake. Ikiwa utaiweka kando ya `mita.so`, ongeza `-Wl,-rpath,'$ORIGIN'` ili itafutwe kwenye folda ya `mita.so` yenyewe, ukiweka alama hizo za nukuu moja, kwani bila hizo sheli itaigeuza `$ORIGIN` kuwa tupu. Kisha endesha `ldd mita.so`, inayoorodhesha laibrari ambazo faili linazihitaji: `libhakiki.so` ionekane pamoja na njia yake, na `liblua` isiwemo.